Breka ya Msumeno

Kila breka ya umeme ilipojikata, dada yake Koleo alipigwa. Mtaa mzima ulikwisha kuzoea: msumeno wa karakana ya mbao unanguruma kidogo, kimya, halafu sauti ya mwanamke. Waliokuwa wakipita njia walikaza mwendo. Majirani waliongeza sauti za redio, na kesho yake wakampa dada pole ya kuanguka bafuni, kana kwamba bafu lile lilikuwa na ngumi. Watu wana huruma sana, sikatai, ila huruma ya wengi inaishia kwenye redio.

Koleo alikuwa mwanamke fundi umeme. Jina hilo alipewa na wenzake siku za mafunzo, kwa sababu akishika jambo haliachii, na lile alilopewa na wazazi likasahaulika. Dada mwenyewe alimwita mdogo wangu, tangu mama yao afariki na yeye akabaki kumlea, kumwogesha, kumchania nywele, na baadaye kumpeleka chuo cha ufundi kwa jasho la kufua nguo za watu. Kwa hiyo usiulize Koleo alimpenda dada yake kiasi gani. Alimpenda kuliko roho yake, na kila alipoiona alama mpya shingoni mwa dada, alitamani kuua. Nasema kuua, sisemi kugombana.

Mwenye karakana alikuwa shemeji yake, mume wa dada. Mtu mrefu, mabega mapana, na fundi hodari, haki yake nampa; meza zake hazikuyumba na milango yake haikulia. Lakini hakuwa na dogo. Vibarua walikuja wakachapwa makofi wakakimbia, mpaka akabaki na mkewe peke yake: yeye akisukuma ubao upande huu wa msumeno, mke akiupokea upande wa pili. Karakana na vyumba vyao viwili vya kuishi vilitegemea sanduku moja la breka. Msumeno ukiwashwa, unavuta umeme kwa pupa, breka inajikata, na shemeji anasema mke ameacha pasi inawaka kule ndani. Hata kama mke alikuwa amesimama mbele yake mikono mitupu, pasi ikiwa baridi juu ya kabati, bado kosa lilikuwa la pasi.

Walikwisha kulipeleka jambo kwa wakubwa wa mtaa. Shemeji alikaa pale ametulia kama maji ya mtungini, akaomba radhi, wakaambiwa waende wakayamalize nyumbani. Alikwenda kuyamaliza kweli, na dada akapoteza meno mawili ya mbele. Koleo alimhamishia chumbani kwake; shemeji akamfuata kesho yake mchana kweupe, akamtoa kwa kumburuta nywele, na watu wakatazama. Baada ya hapo dada alikataa kabisa kusikia habari za kuondoka.

Hapo ndipo Koleo alipojiambia kwamba kama shemeji hatengenezeki, basi atautengeneza umeme. Breka isipojikata, dada hatapigwa. Ni hesabu ya fundi, na fundi ukimpa tatizo lolote atalitafuta kwenye waya. Kwa muda mrefu alikuwa akienda pale kila alipopata nafasi, akikaza skrubu, akibadilisha soketi, akiondoa jiko la umeme kwenye laini ya karakana. Kila mara nafuu ilikuja kidogo ikapotea.

Asubuhi moja dada alimpigia simu, akiongea kwa upande mmoja wa mdomo. Alieleza kwamba mume wake amekwenda kupeleka kabati kwa mteja, na kabla ya kuondoka ametoa amri: akirudi akute breka kubwa imefungwa, ya ampea sitini na tatu, asisikie tena upuuzi wa kujikata. Naye atapitia madukani atafute yake, kwa sababu haamini wanawake na umeme. Koleo alisema anakuja. Hakusema anakuja na nini.

Duka la vifaa vya umeme alilolizoea lilikuwa la mtu mnene waliyemwita Fyuzi, mpenda utani. Fyuzi alidai wateja wake wanachagua breka kama wanavyomchagulia mtoto viatu: nipe kubwa kidogo, atakua. Akiwaambia waya haukui, wanamwona mchoyo, wanakwenda duka la pili kuuziwa moto kwa hiari yao. Siku hiyo alikuwa tayari kuanza masimulizi yake, lakini Koleo alimkatisha akaomba aone breka za herufi D.

Maana namba ni jambo moja, herufi ni jingine, na wengi wanasoma namba tu. Namba inafuata waya. Waya uliokwenda kwenye msumeno wa shemeji ulikuwa wa milimita mbili na nusu, umepigiliwa kwenye ukuta wa mbao, na usingeweza kubeba zaidi ya ampea ishirini hivi. Ukiufungia breka ya sitini na tatu, waya utaiva mpaka uwake, na breka itatulia tu, kwa kuwa kwake yeye hakuna kilichozidi. Breka kazi yake ya kwanza ni kuulinda waya. Herufi nayo ni subira. B ni ya nyumbani, ya taa na pasi na friji. Ikiona umeme umeruka ghafla inakata papo hapo. C inavumilia kidogo, ndiyo ya maduka na mota ndogo. D ni ya viwandani: mota nzito ikiamka na kunywa umeme mara nyingi kuliko kawaida yake, D inaipa nafasi ishike mwendo, na ikiona mzigo haushuki, inakata. Kwenye sanduku la shemeji kulikuwa na ishirini ya B. Ugonjwa wake ulikuwa kwenye herufi.

Fyuzi alipekua rafu ya chini mpaka akaipata ishirini ya D, akapuliza vumbi, akauliza ni ya kiwanda gani. Koleo akasema ni ya dada yake. Fyuzi alifungua mdomo atanie, akamtazama usoni, akaufunga. Koleo akaongeza waya wa ethi, ule wa kijani na manjano unaoupeleka ardhini umeme uliotoroka, kwa sababu mwili wa msumeno ule haukuwa na ethi ya maana na D haitaki mchezo bila hiyo.

Dada alimfungulia geti la mabati akiwa amejitanda khanga mpaka kidevuni. Jicho moja lilikuwa limefumba. Aliangalia kile kitu kidogo mkononi mwa Koleo, akasoma namba, na uso wote ukamshuka.

"Weka ile kubwa, mdogo wangu."

"Waya utaungua, dada. Humu kuna vumbi la mbao kila kona. Nyumba itawaka mkiwa ndani."

"Nyumba ikiwaka nitatoka mbio. Yeye nitamkimbia niende wapi?"

Swali hilo lilimuuma Koleo vibaya. Alimkalisha dada kwenye benchi akamweleza taratibu habari ya namba na herufi, kama dada alivyowahi kumweleza yeye hesabu za kujumlisha. Alimwapia kwa mama yao kwamba msumeno utawaka na breka haitajikata. Dada alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa getini.

Basi Koleo akazima swichi kuu, ile yenye mkono mrefu mwekundu kando ya sanduku, akafanya kazi yake. Alitoa ile B, akaweka D, akakaza skrubu mpaka bisibisi ikalia. Akavuta waya wa ethi kutoka kwenye sanduku mpaka kwenye mwili wa msumeno, akakwangua rangi ya chuma mahali pa kufungia. Kisha akawasha. Dada alisimama amefumba na lile jicho zima. Msumeno uliguna, ukapanda, ukaimba. Breka ilikaa. Wakauzima, wakauwasha tena na tena, na kila mara breka ilikaa. Dada alicheka, akiziba pengo la meno kwa kiganja, akamkumbatia mdogo wake kwa nguvu mpaka Koleo akahisi mbavu zake zinavyotetemeka chini ya khanga. Koleo alijiona amemaliza vita. Sijui nimcheke au nimlilie, lakini alijiona hivyo.

Shemeji alirudi jua likiwa kali. Aliwapita bila salamu, akafungua sanduku, akainamia.

"Hii iliyotoka ni ishirini. Iliyoingia ni ishirini. Shemeji, mimi unanionaje?"

Koleo alimweleza. Akamwonyesha herufi. Akawasha msumeno mbele yake, na breka ikakaa. Kwa muda mfupi uso wa yule mwanamume ulilegea, akawa anautazama msumeno unavyozunguka kwa furaha ya fundi yeyote anayeiona mashine yake inafanya kazi, na laiti angeishia hapo. Lakini alimwona mkewe anatabasamu. Kushindwa mbele ya watu aliweza kukumeza. Mbele ya mkewe hakuweza.

Alisema mashine kuzunguka bure ni mchezo wa watoto. Akaenda nyuma akarudi na gogo begani, zito, bichi, bado linatoa maji kwenye gome. Koleo alimwambia gogo bichi litaubana msumeno. Hakusikilizwa. Shemeji alimwamuru mkewe akae upande wake wa kupokea, akalisukuma gogo kwa kifua. Meno ya msumeno yaliuma, yakaingia, yakapunguza mwendo, na katikati ya gogo yakasimama. Mota ikabaki inavuma palepale. D ilingoja kama inavyongoja, ikaona mzigo haushuki, ikakata. Ilifanya kazi yake barabara, na hilo ndilo lililokuwa balaa.

Shemeji hakumtazama Koleo. Aliuzunguka msumeno polepole, akamfikia mkewe, akampiga ngumi ya mdomo. Dada aliangukia rundo la mbao. Akamfuata palepale akampiga teke la ubavu, la pili, la tatu, bila neno, kwa utaratibu uleule wa kupigilia misumari. Dada hakulia. Alikuwa anamwangalia mdogo wake, na yale macho ndiyo yaliyompata Koleo kuliko kitu chochote siku ile. Hayakuwa yakiomba msaada. Yalikuwa yanasema nilikwambia.

Koleo alimrukia mgongoni. Bisibisi ilikuwa mkononi, akaichomeka begani mpaka ikagonga mfupa, akaichomoa, akachomeka tena. Shemeji alinguruma akamtupa chini, akaokota ubao. Pigo la kwanza Koleo alilikinga kwa mkono, na wote watatu wakasikia mfupa unavyovunjika. La pili lilimpata juu ya sikio. Alianguka ndani ya vumbi la mbao, mdomo umejaa vumbi, damu ikimwingia jichoni, na dari ikawa inazunguka.

Kutoka pale chini aliona yote yaliyofuata. Alimwona shemeji akitia kufuli getini. Alimwona akizima swichi kuu na kutoa mfukoni breka aliyoinunua, kubwa, nyeupe, mpya, huku damu ikimtiririka hadi kwenye kiwiko. Aliing'oa D akaitupa. Akafunga ile sitini na tatu kwa bisibisi iliyotoka begani mwake mwenyewe. Kisha aliuona waya wa ethi, wa kijani na manjano, mpya, akauliza huu nao ni uchafu gani, akaung'oa kwa mvuto mmoja. Halafu akamwinua mkewe kwa ukosi wa gauni, akamsimamisha upande wa kupokea. Dada alisimama. Damu ilimchuruzika kidevuni, mikono ikanyooka kulipokea gogo, kama siku zote.

"Toa gogo kwanza, shemeji," Koleo alisema. "Ukiwasha likiwa limebana, waya unaungua."

"Leo ndiyo tutajua fundi ni nani."

Akapandisha swichi kuu, akabonyeza kitufe. Msumeno haukuzunguka. Ulivuma tu, sauti nzito inayotetemesha meza, na breka haikujikata. Shemeji alicheka. Aligeuka akawaonyesha sanduku kwa kidole, akasema mnaona, haikati, akawa analisukuma gogo kwa paja huku anacheka, na dada akajaribu kucheka naye, maskini, kwa mdomo ule uliopasuka.

Harufu ilikuja kwanza, ya plastiki inayoiva. Kisha moshi ukatoka ukutani, mstari mrefu mwembamba ukiufuata waya kutoka kwenye sanduku mpaka kwenye msumeno. Ganda la waya liliyeyuka likaanza kudondoka, na vumbi la mbao chini yake likashika moto mwekundu usio na ndimi. Dada aliliachia gogo, akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagota ukutani, kando ya sanduku. Shemeji alitukana, akachukua ndoo ya maji akaimwaga yote, juu ya moto, juu ya meza, juu ya miguu yake. Moto ulizimika. Koleo alipiga kelele asiguse chuma. Labda hakusikia, au alisikia akaona ni mwanamke anasema. Alisimama ndani ya maji, akashika fremu ya msumeno kwa mkono mmoja na gogo kwa mwingine ili alichomoe.

Hakulia. Umeme ukimshika mtu sawasawa haumpi nafasi ya kulia. Vidole vilijifunga kwenye chuma, shingo ikakakamaa, kichwa kikarudi nyuma, na mwili wote ukawa unatetemeka pamoja na mashine. Visigino viligongagonga sakafu yenye maji. Breka kubwa ilikaa vilevile, haina habari. Umeme unaotosha kumuua mtu ni mdogo mno kwake.

Koleo alikuwa mbali, mkono mmoja umekufa, miguu haina nguvu. Dada alikuwa palepale. Mkono mwekundu wa swichi kuu ulikuwa usawa wa bega lake.

"Zima, dada. Swichi iko hapo pembeni yako. Ishushe."

Dada aliitazama swichi. Akamtazama mumewe. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema maji bado hayajachemka:

"Nikizima atanipiga."

Koleo alidhani ni kisasi, akataka kumpa haki yake. Kisha akauona uso wake na kuelewa kwamba si kisasi hata kidogo. Dada alikuwa anaogopa. Mtu aliyemtesa maisha yake alikuwa anakufa mbele yake, hatua chache tu, na alichokuwa anakiogopa dada ni kwamba umeme utakatika na yeye ndiye atakayelaumiwa.

Koleo alianza kutambaa. Alijivuta kwa kiwiko kimoja juu ya vumbi na vipande vya mbao, mfupa uliovunjika ukisagana kila alipojivuta. Njiani wazo lilimjia, tena lilimjia vizuri, kwamba angeweza kupumzika kidogo, na hakuna ambaye angejua. Alimchukia yule mtu kwa moyo wake wote. Hata hivyo aliendelea kutambaa, kwa kuwa maisha yake yote alifundishwa kwamba ukimwona mtu ameshikwa na umeme, unazima kwanza. Alifika miguuni mwa dada, akajiinua kwa kushika khanga yake, akaushusha ule mkono mwekundu.

Msumeno ukanyamaza. Shemeji alianguka kwenye maji kama gunia, hakujikinga.

Dada aliusikia ule ukimya, akateleza chini ukutani akajikunyata, magoti kifuani, mikono yote miwili juu ya kichwa, akangoja.

Koleo alitambaa tena mpaka kwa shemeji. Alimbonyeza kifua kwa kiganja kimoja, kwa uzito wote aliobaki nao, akabonyeza, akabonyeza. Akaweka sikio. Akatafuta mshipa shingoni. Viganja vya shemeji vilikuwa vimeungua mpaka vikawa vyeusi, na macho yalikuwa wazi yakitazama dari. Hakukuwa na kitu. Alibonyeza tena kwa muda mrefu, mpaka mwenyewe akachoka, na bado hakukuwa na kitu. Nje, nyuma ya geti, redio ya jirani ilikuwa imeongezwa sauti.

"Mwambie ni wewe uliyezima," dada alisema kutoka chini ya mikono yake. "Mdogo wangu, mwambie siyo mimi."

Koleo aliuacha mkono wake pale juu ya kile kifua.

"Nitamwambia, dada," akasema.